Familia Yetu Ni Watalii, Si Washukiwa

Wasee, leo naongea kuhusu kuskii. Kabla uanze kucheka eti hayo ni mambo ya wazungu, nisikize kwanza.

Kwetu nyumbani tunapanga likizo ya theluji Italia, kwenye milima ya Dolomiti. Tuko watano: buda, mathe, mimi, dada wa miaka 15 na kitinda mimba wa miaka 9. Binamu ya mathe anaishi Bolzano, kwa hivyo mahali pa kulala tunapo. Pesa imewekwa pole pole kwa miaka mitatu, hatujakopa mtu. Lakini sehemu ngumu ya huu mpango haiko mlimani. Iko kwa makaratasi.

Hebu tupige hesabu. Viza ya Schengen ni yuro 90 kwa mtu mzima, na ukifika miaka 12 unalipa kama mtu mzima. Mtoto wa miaka 6 hadi 11 ni yuro 45. Sisi watano ni yuro 405, karibu shilingi 60,000, na bado hujalipa kituo kinachopokea maombi. Ongeza bima ya safari inayofidia angalau yuro 30,000 kwa kila kichwa. Ongeza taarifa za benki, barua ya kazi, barua ya shule, barua ya mwenyeji na bukingi ya ndege. Halafu ukinyimwa, ile ada hairudi. Hata ndururu. Hiyo ni karo ya bweni ya dada yangu mwaka mzima, na inaweza kupotea kwa muhuri mmoja.

Sasa geuza safari. Malindi na Watamu zimezoea Waitaliano miaka mingi, hadi vijana wa ufuoni wanaongea Kiitaliano kama maji. Familia ya Milano ikitaka kuja kuota jua Desemba, inajaza fomu ya eTA mtandaoni, kama dola 30 kila mtu, na jibu hutoka baada ya siku chache. Hakuna anayewauliza watatuthibitishia vipi kwamba watarudi kwao. Na mimi sina noma nao, karibuni sana. Lakini mbona wao wakisafiri ni watalii, na sisi tukisafiri ni washukiwa?

Najua mtaniambia: “Lakini kuna Wakenya huenda na hawarudi.” Kweli, wapo. Sasa niambie, ni nani anayetaka kuzamia Ulaya akabeba buda mwenye kazi, mathe mwenye duka na mtoto wa darasa la nne, wakakodi viatu vya skii ili waanguke kwenye theluji siku sita? Kila mtu apimwe kwa rekodi yake. Kosa la jirani si mzigo wa mathe yangu.

Wengine watasema theluji si yetu. Hao hawamjui Philip Boit. Huyo Mkenya alishiriki mbio za skii kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka 1998. Akamaliza wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway akamngoja kwenye utepe amkumbatie. Boit hakuishia hapo. Mwaka 2006 alishindana kwenye Olimpiki ya Torino, kwenye theluji ya Italia hiyo hiyo mnayoniambia si yetu.

Ninachodai ni vitu viwili. Kwanza, ukimnyima mtu viza, mrudishie angalau sehemu ya ada yake. Duka likikosa bidhaa uliyolipia, si linakurudishia pesa? Pili, serikali yetu iache kupiga picha na mabalozi tu. Kama tumerahisisha mlango wetu, tudai na wao warahisishe wao, hasa kwa familia zenye watoto.

Kwa sasa sheria ndiyo hiyo, kwa hivyo ukipanga, panga kwa akili. Shule zetu zinafunga Novemba na Desemba, na misimu ya Dolomiti huanza mwishoni mwa Novemba au mapema Desemba. Nenda wiki za kwanza za Desemba, kabla bei hazijaruka kwa sababu ya Krismasi. Maombi ya viza yanaruhusiwa kuanzia miezi sita kabla ya safari, kwa hivyo anza Juni, usingoje Oktoba. Jibu ni siku 15, lakini linaweza kuvutwa hadi 45. Chukua bukingi inayoweza kufutwa bila hasara. Usinunue vifaa, kodisha huko huko. Helmeti ni lazima, na sheria ya Italia inataka kila anayeskii awe na bima ya kufidia mtu atakayemgonga. Wapeleke watoto kwa mwalimu siku mbili za kwanza, na wewe pia nenda, wacha kiburi.

Na usidanganye kwa fomu. Usikope pesa ya wiki moja ujaze akaunti, usinunue barua feki River Road. Kila karatasi feki inampa karani sababu ya kumshuku Mkenya anayefuata kwenye foleni, na huyo anaweza kuwa mathe yangu.

Sisi tunatuma maombi Juni, na majina yetu matano yatakuwa kwenye meza yao. Watusome kama familia inayoenda likizo, kwa sababu hiyo ndiyo tuliyo.