Mkono Mwekundu juu ya Kitufe cha Kufuta



Leo naanza kwa kuungama kosa. Ofisini kwetu hapa Kamanga tunayo kompyuta, na humo nimenakili majina ya kitabu kikubwa cha ubatizo, ili mtu ajapo kuomba cheti asingoje nifunue kurasa moja moja. Siku moja alikuja mama mmoja mwenye haraka, kwani alitaka kuwahi kivuko cha kurudi Mwanza. Nikalitafuta jina la mwanawe, likaonekana. Chini yake palikuwa na vitufe viwili jirani: Chapa na Futa. Nami nikabofya Futa.

“Karani, mbona pamekuwa peupe?” akauliza. Nilikosa jibu. Lau si kile kitabu cha karatasi kilichomo kabatini, mtoto yule angekosa ushahidi wa ubatizo wake. Na kivuko kikamwacha mama wa watu.

Usiku nikawaza. Umepata kumtazama yule anayeongoza magari pale kivukoni? Akiinua kiganja, dereva hukanyaga breki. Akipunga, dereva huja. Ishara hutangulia tendo. Lakini kwenye kompyuta yangu, kialama kile kinachoifuata mausi kilikuwa kilekile juu ya Chapa na juu ya Futa. Hakikunionya neno.

Mausi yenyewe si kitu cha jana. Douglas Engelbart aliionyesha mbele ya watu huko San Francisco, Marekani, tarehe 9 Desemba 1968, na ile ya kwanza kabisa ilikuwa kijisanduku cha mti chenye magurudumu mawili. Tangu hapo tumezoea alama chache: mshale wa kawaida, kijiti kisimamacho penye maandishi, mkono penye pa kubofya. Lakini kitufe kimoja chaweza pia kupewa alama yake peke yake.

Programu yetu hufunguka kama ukurasa wa intaneti. Kijana aliyetutengenezea aliongeza mstari mmoja tu katika maelezo ya kitufe cha Futa, nao ni huu:

cursor: url("futa.png") 16 2, pointer;

Futa.png ni picha ndogo ya mkono mwekundu ulionyosha kidole, upana nukta 32, urefu nukta 32. Usiifanye kubwa mno. Ikipita 128 kwa 128, programu za kufungulia kurasa huikataa. Neno la mwisho ni akiba: picha isipopatikana, mkono wa kawaida hushika nafasi. Ukiliacha neno hilo, mstari mzima hauhesabiki.

Zile namba mbili ndizo zilizotusumbua. Ujue, picha yote ni pambo. Nukta moja tu ndiyo ibofyayo. Namba 16 yahesabiwa toka kushoto, na 2 toka juu, ndipo ilipo ncha ya kidole. Mara ya kwanza tulizisahau, na kompyuta ikachukua pembe ya juu kushoto. Matokeo yake, kidole kilionekana kimekwisha kutoka nje ya kitufe upande wa kulia, kumbe ukibofya, jina linafutika! Tulikuwa tumeongeza hatari badala ya kuipunguza.

Mimi nilitaka ile duara yenye mkwaju katikati. Kijana akanikatalia, akasema alama hiyo maana yake kitufe hakifanyi kazi, na hiki chafanya kazi sana. Alikuwa na haki. Nikataka pia kila kitufe kiwe na picha yake, ya kalamu, ya kitabu, hata ya samaki! Hapo nilijizuia mwenyewe, kwani mkono mwekundu ukiwa mmoja kati ya picha kumi, nani atashtuka?

Wala mkono huo haumzuii mtu kubofya. Tena kwenye simu ya kugusa kwa kidole hauonekani kabisa. Kwa hiyo tumekiweka Futa mbali na Chapa, tukakipaka rangi nyekundu, na kabla ya kufuta programu sasa huuliza kwa kutaja jina la mtu: “Umfute huyu?”

Mama yule nilimwandikia cheti kwa mkono kutoka kitabuni, akavuka kwa kivuko kilichofuata.