Mwalimu wa Madikteta

Eti Napoleon ni shujaa. Ndivyo tulivyokariri sekondari: jenerali hodari, mtunga sheria, basi. Mimi nakataa. Yule ni mwalimu wa hawa hawa waliotufanya wakimbizi.

Angalieni hatua zake. Novemba 1799 askari wake wanawatimua wabunge kwa bunduki, yeye anasema anayaokoa mapinduzi. Januari 1800 anafunga magazeti ya Paris, yanabaki 13 tu. Kisha kura ya maoni: "ndiyo" zaidi ya milioni 3, "hapana" 1,562! Aliyetangaza ni Lucien, ndugu yake wa damu, waziri wa mambo ya ndani. Wanahistoria walikuja kugundua kwamba hesabu ile ilipikwa. Mwaka 1802 anakuwa mtawala wa maisha, na anarudisha utumwa kwenye makoloni. 1804 anajivika taji la kaizari.

Sasa niambieni, jamani, hatua gani hapo ni ngeni kwenu? Bokassa hata hakuficha: mwaka 1977, kule Bangui, alijivika taji kwa kumuiga Napoleon. Wengine wanaiga bila taji.

Mtasema alileta sheria na utulivu. Sawa, sheria alileta. Lakini sheria isiyomgusa mwenyewe ni fimbo ya kuwachapia wengine.

Vijana wenzangu, akija mwanajeshi kusema anaokoa mapinduzi, msimuulize ameshinda vita vingapi. Muulizeni ataondoka lini, na kura atahesabu nani.