Ushujaa si Kukataa Kujificha

Wahenga walinena: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Methali hii hufunzwa shuleni aghalabu bila kuuliza ni nani aliyemtuma shujaa huyo kufa.

Mfano uko karibu na mpaka wetu. Mnamo 1987 Alice Lakwena aliliongoza Jeshi la Roho Mtakatifu kutoka kaskazini mwa Uganda, likapita Tororo, mji ulio jirani na Malaba, likielekea Jinja. Wapiganaji wake walipakwa mafuta na kuamriwa kusonga mbele wima, wakiimba nyimbo za dini. Walikatazwa kujikinga nyuma ya mti au kichuguu, eti risasi haimpati asiye na dhambi. Waliangamia wengi. Lakwena mwenyewe alivuka mpaka akaingia Kenya, akaishi humu hadi alipofariki katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab mnamo 2007.

Wapo wanaolaumu ushirikina pekee. Mimi nakataa. Tarehe 1 Julai 1916, huko Somme, Ufaransa, makamanda wa Uingereza waliosomea vita waliwatuma askari wao kuikabili bunduki ya rashasha kwa miguu, uwanjani peupe. Zaidi ya 19,000 waliuawa siku hiyo moja. Vijana wa Somme na wa Lakwena hawakupungukiwa na ujasiri. Walipungukiwa na viongozi walioujali uhai wao. Mbele ya silaha za kisasa, askari anayelala chini hakimbii wajibu. Anajihifadhi apate kuutimiza.

Je, kila kujificha ni halali? Hasha! Askari akijikinga kwa kichuguu, hamdhulumu mtu. Akijikinga kwa mwili wa mchuuzi, au kamanda akijikinga kwa miili ya vijana wake, huo ndio woga.

Katikati ya Desemba mwaka huo huo wa 1987, askari wa Kenya na wa Uganda walifyatuliana risasi mpakani Busia. Askari wana mahandaki. Mwananchi wa Busia hakuwa nalo. Kabla mwezi haujaisha, Rais Moi na Rais Museveni walikutana Malaba wakazungumza. Hatuwafunzi watoto wetu kuuita mkutano kama huo ushujaa, ilhali ndio uliomkinga yule asiye na handaki.

Basi mwalimu anapofunza vita, asiwaulize wanafunzi ni nani aliyekataa kujificha. Awaulize ni nani aliyeachwa bila kinga, na ni nani aliyemwacha.