Je, Yafaa Kuzungumza na Mwenye Bunduki?

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wako watu wasemao kwamba mtu akishika bunduki juu ya serikali, dawa yake ni bunduki pia, na kukaa naye mezani ni kumpa heshima asiyostahili. Wako na wengine wasemao kwamba vita vyote huishia mezani, kwa hiyo heri kwenda mezani mapema. Muhula huu chama chetu cha midahalo kiliijadili hoja hiyo bwaloni mpaka kengele ya kulala ikalia, na upande wa meza ukashinda kwa kura chache. Mimi nilipiga kura upande huo. Lakini katika wasemaji wote hakuna hata mmoja aliyeuliza mambo mawili ambayo naona ndiyo kiini cha shauri lenyewe: mazungumzo yafanywe lini, na akina nani wawemo. Naomba nafasi katika gazeti letu niyaseme. Mfano wangu ni nchi ya Afghanistan, kwa sababu huko mambo yote mawili yalikosewa, tena si mara moja.

Msomaji asidhani nchi hiyo haituhusu. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani, Dar es Salaam na Nairobi. Hapa kwetu walikufa watu 11, na Nairobi zaidi ya 200, wengi wao wapita njia na watu waliokwenda kazini kama siku zote. Waliofanya hivyo walikuwa watu wa al-Qaeda, na mkubwa wao, Osama bin Laden, wakati ule alikuwa akikaa Afghanistan kwa hifadhi ya Taliban, walioutwaa mji wa Kabul mwaka 1996. Basi anayekaribishwa na anayefukuzwa katika nchi ile si habari ya Waafghani peke yao.

Kosa la kwanza ni la zamani kidogo. Majeshi ya Kisovieti yaliingia Afghanistan Desemba 1979, yakakaa miaka tisa yakipigana na mujahidina. Walipochoka, mapatano yalitiwa sahihi Geneva mwezi wa Aprili 1988. Waliotia sahihi ni serikali ya Kabul na serikali ya Pakistan, na Marekani na Wasovieti wakawa wadhamini. Mujahidina, yaani wale wenyewe waliokuwa wakipigana milimani, hawakuwamo. Tarehe 15 Februari 1989 askari wa mwisho wa Kisovieti alivuka daraja kurudi kwao, na vita vikaendelea kana kwamba hakuna aliyetia sahihi chochote. Serikali ya Kabul ilianguka mwaka 1992, kisha mujahidina wakageuziana bunduki wao kwa wao mpaka sehemu kubwa ya mji ikawa magofu. Taliban walizaliwa katika ghasia hiyo.

Sasa nije kwenye mwaka 2001, ambao kwa maoni yangu ndio uliobeba yote yaliyofuata. Baada ya mashambulio ya New York na Washington ya tarehe 11 Septemba, Marekani ilianza kuipiga Afghanistan tarehe 7 Oktoba. Katikati ya Novemba Kabul ilikuwa imekwisha kutwaliwa. Mwanzo wa Desemba Taliban walikuwa wamebakiwa na Kandahar, na hata huko walikuwa wakitafuta mlango wa kutokea. Wakubwa wao walimpelekea Hamid Karzai ujumbe ya kwamba wako tayari kuutoa mji, wakiachwa waende makwao kwa amani. Karzai alikuwa tayari kuwasikiliza. Fikirini, ndugu wasomaji: adui amekwisha pigwa, amekuja mwenyewe, na anachoomba ni kuachwa arudi nyumbani. Mshindi angepata lini tena bei rahisi kama hiyo? Lakini Waziri wa Ulinzi wa Marekani, Donald Rumsfeld, alisema hadharani kwamba nchi yake haitakubali mapatano yatakayomwacha Mulla Omar, mkuu wa Taliban, akae kwa heshima. Jambo likafa hapo. Siku zile zile Waafghani wa pande nyingine walikuwa wakikutana Bonn, Ujerumani, kupanga serikali mpya, na Taliban hawakualikwa. Lakhdar Brahimi, mwanadiplomasia wa Algeria aliyeusimamia mkutano ule kwa niaba ya Umoja wa Mataifa, baadaye alikiri ya kwamba kuwaacha nje lilikuwa kosa.

Naielewa hasira ya Wamarekani. Watu karibu 3,000 walikuwa wameuawa katika asubuhi moja, na sisi tuliofundishwa habari za 1998 twajua maana ya msiba wa namna hiyo. Lakini naona Rumsfeld aliwachanganya watu wawili, yule aliyelipua na yule aliyempa mlipuaji chumba. Wa pili ana kosa, tena kubwa, lakini huyo yawezekana kumtenga na mgeni wake, hasa siku ambayo amekwisha ona chumba kile kimemgharimu nini. Waliokataliwa hawakuyeyuka. Wengine waliingia Pakistan, wengine wakanyamaza vijijini. Baada ya miaka michache walirudi na bunduki zao, na kila nyumba iliyovunjwa mlango usiku na askari wa kigeni, na kila arusi iliyopigwa bomu kwa kukosea, iliwaletea vijana wapya. Mwaka 2002 askari wa Marekani walikuwa wachache tu. Kufika mwaka 2011 walikuwa kama 100,000.

Sisi tulio jirani na Burundi hatuna haja ya kwenda mbali kuliona jambo hili. Mwalimu Nyerere alisimamia mazungumzo ya Arusha mpaka alipofariki mwaka 1999, na Mzee Mandela akayapokea. Mapatano yalitiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000, na ilikuwa kazi kubwa. Lakini makundi makubwa mawili yenye silaha, FDD na FNL, hayakuwamo, na risasi hazikunyamaza. FDD walitia sahihi Dar es Salaam mwaka 2003, na FNL, hapo hapo Dar es Salaam, mwaka 2006. Burundi haikukaliwa na jeshi la kigeni, kwa hiyo mfano huu haulingani kila upande, lakini kwa jambo la nani awemo mezani unalingana kabisa.

Turudi Afghanistan. Vita vilipokuwa vizito ndipo wakubwa walipoikumbuka meza, na hapo ikaonekana shida ya kumtafuta mtu uliyemfukuza. Mwaka 2010 alijitokeza mtu aliyesema ni Mulla Akhtar Mansour, mmoja wa viongozi wa Taliban. Alipelekwa mpaka Kabul, akalipwa fedha nyingi, kisha ikagunduliwa kuwa si yeye. Habari zilisema alikuwa mwenye duka wa Quetta! Bwaloni kisa hiki kilichekesha, lakini kina uchungu ndani yake: baada ya miaka tisa ya vita, waliokuwa wakipigana na watu hawa hawakuwajua hata kwa sura. Mwaka huo huo Mulla Baradar, ambaye inasemekana alikuwa amekwisha anza kuwasiliana kwa siri na watu wa Karzai, alikamatwa Karachi na kufungwa. Septemba 2011 Burhanuddin Rabbani, rais wa zamani na mwenyekiti wa baraza la kutafuta amani, alimpokea nyumbani kwake mtu aliyejidai kaleta ujumbe wa suluhu. Bomu lilikuwa ndani ya kilemba. Mzee akafa pale pale. Mwaka 2013 Taliban walifungua ofisi Doha, katika nchi ya Qatar, wakatundika bendera na kibao kama kwamba ni ubalozi wa dola. Karzai akakasirika, na mazungumzo yakavunjika kabla ya kuanza.

Hata hivyo watu wenyewe walikuwa tayari kuliko wakubwa wao. Juni 2018, kwa siku tatu za Idi, serikali na Taliban wote wawili walisimamisha mapigano. Wapiganaji walishuka mijini, hata Kabul, wakakumbatiana na askari wa serikali, wakapigwa picha pamoja, wakala aiskrimu. Idi ilipokwisha Taliban walirudi vitani. Wako wasemao hiyo ilikuwa sikukuu tu. Mimi nasema siku zile tatu zilikuwa na thamani kuliko mikutano mingi iliyofanywa hotelini, maana vijana wa pande mbili waliiona nchi yao ilivyo bila risasi, na hakuna aliyewalazimisha.

Sasa Marekani ikatafuta mlango wa kutokea. Zalmay Khalilzad aliteuliwa Septemba 2018 kuwa mjumbe wake, na mwezi uliofuata Baradar yule yule akafunguliwa gerezani Pakistan ili azungumze. Tarehe 29 Februari 2020 wawili hao walitia sahihi Doha. Marekani iliahidi kuondoa majeshi yote ya kigeni kwa miezi 14. Taliban waliahidi kwamba al-Qaeda hawatautumia udongo wa Afghanistan kuzidhuru Marekani na washirika wake. Tena ikaandikwa kwamba wafungwa wa Taliban hadi 5,000 wafunguliwe, na hadi 1,000 wa upande wa pili. Serikali ya Kabul haikuwamo katika mazungumzo hayo. Wafungwa walikuwa ndani ya magereza yake, na ahadi ya kuwafungua ikatolewa na mwingine. Niseme wazi, hapa ndipo damu yangu huchemka. Hebu fikiria mgeni aliyekaa nyumbani kwako miaka 19 akaenda kwa jirani mliyegombana naye, akamwambia mimi naondoka mwezi fulani, na funguo za ghala nitamwambia mwenyeji akupe, kisha akakwambia wewe baadaye, nenda sasa kapatane naye!

Mwenye kupata tarehe ya kuondoka kwa adui hana haraka. Baada ya sahihi ile, Taliban karibu waliacha kabisa kuwashambulia Wamarekani, lakini askari wa Kiafghani waliendelea kuuawa. Mazungumzo ya Waafghani wenyewe, yaliyotakiwa kuanza tarehe 10 Machi 2020, yalianza tarehe 12 Septemba. Serikali ilipeleka watu 21, wanne kati yao wanawake, nao Taliban hawakupeleka mwanamke hata mmoja. Miezi ikapita wakibishana juu ya utaratibu wa kubishana. Aprili 2021 Rais Biden alitangaza kwamba majeshi yataondoka bila masharti, na tarehe 15 Agosti Rais Ashraf Ghani alikimbia na Taliban wakaingia Kabul. Ndege ya mwisho ya jeshi la Marekani iliruka tarehe 30 Agosti.

Wenzangu wa upande wa bunduki watasema: waona basi, watu hawa hawatimizi ahadi. Ni kweli. Mwisho wa Julai 2022 Marekani ilimwua Ayman al-Zawahiri, mkuu wa al-Qaeda, aliyekuwa miongoni mwa walioshitakiwa Marekani kwa mabomu ya Dar es Salaam na Nairobi. Alikuwa akikaa katika nyumba mjini Kabul. Lakini jibu langu ni hili: ahadi ya mtu wa namna hiyo hutimizwa akiwa na kitu cha kupoteza. Mwaka 2001 Taliban walikuwa na shingo zao za kupoteza. Mwaka 2020 hawakuwa na cha kupoteza isipokuwa miezi michache ya kungoja. Siwezi kuapa kwamba wote wangetulia kama wangepokewa mwaka 2001, maana wengine wangeukataa mkono wowote. Hata hivyo nchi iliyobaki na wakorofi mia chache si sawa na nchi yenye jeshi zima la waliofukuzwa.

Tena liko jambo moja linalonigusa kuliko yote, kwa kuwa mimi ni msichana wa miaka kumi na saba na mwaka huu nafanya mtihani. Karatasi ya Doha yasema juu ya askari, wafungwa, vikwazo na kambi. Juu ya shule za wasichana haisemi neno. Waliokuwa wakizungumza hawakuwa na binti darasani Kandahar, na wenye mabinti hawakuwa mezani. Tarehe 23 Machi 2022 wasichana wa sekondari wa Afghanistan waliambiwa shule zinafunguliwa. Walivaa sare, wakaenda, na wengine walikuwa wamekwisha kaa madarasani walipoambiwa warudi nyumbani. Desemba mwaka huo na vyuo vikuu vikafungwa kwa wanawake. Msichana wa huko humaliza darasa la sita, basi. Mwenye umri wangu leo alikuwa bado shule ya msingi Taliban walipoingia, kwa hiyo hakukalia hata siku moja dawati kama hili ninaloandikia.

Mazungumzo hayajaisha, maana dunia bado inatafuta namna ya kuwa na Taliban. Mwisho wa Juni 2024 Umoja wa Mataifa uliita mkutano wa wajumbe wa nchi nyingi, hapo hapo Doha, na kwa mara ya kwanza Taliban wakahudhuria mikutano hiyo. Wanawake wa Afghanistan hawakukaribishwa katika vikao vya Taliban. Waliwekewa kikao chao mbali, mkutano ulipokwisha, na Taliban hawakuwamo kuwasikia.