Ratiba ya Siku Tatu, Masisi na Walikale

Mtu atakaye kwenda kuutazama Granada, mji wa kale wa Uhispania, hata kwa siku tatu tu, hukuta kazi yake imekwisha kufanywa na wengine kabla hajafunga sanduku lake: tiketi ya kuingilia kasri za Alhambra huandikwa jina lake na saa yake, ramani humwonyesha lango la kuingilia na kichochoro cha kutokea, na vitabu vya lugha nyingi humweleza kwamba Muhammad wa Kwanza ndiye aliyeanza ujenzi wa kasri hizo mwaka 1238, na kwamba tarehe 2 Januari 1492 mji ulitoka mikononi mwa sultani wa mwisho wa Waislamu wa Andalusia. Vijana wetu wa Goma, mashariki mwa Kongo, wayajua haya. Nimewasikia wakiipanga safari hiyo simu mkononi, siku ya kwanza mtaa wa Albaicín, siku ya pili kasri na bustani, ilhali ada ya viza ya Ulaya peke yake ni yuro 90 tangu Juni 2024, na mlango wa kuiombea uko Kinshasa, mbali nao kwa zaidi ya kilomita 1,500. Siwalaumu hata kidogo. Shauku ya kuiona dunia ni katika tabia njema za binadamu, na Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 na Granada takriban miaka 20 baadaye, aliishi kwa shauku hiyo. Linalonisikitisha ni kwamba kijana huyo huyo ukimwomba akupangie siku tatu za Masisi na Walikale, nchi ya babu zake, hunyamaza. Na akijaribu kusema, hutaja mstari wa mbele, kambi za wakimbizi na koltani ya machimbo ya Rubaya, kisha maneno humwishia.

Kwa rai yangu ratiba hiyo yapasa iandikwe, iandikwe na wenyeji, na iandikwe sasa hivi, wakati huu ambapo njia haipitiki kwa salama.

Wapo watakaoniambia kuwa huu si wakati wake. Mwanzoni mwa Januari 2025 mji wa Masisi ulitekwa na wapiganaji wa M23, mwisho wa mwezi huo Goma nao ukatekwa, na mwezi Machi vita vikaingia mji wa Walikale; kuna mama aliyehama mara nyingi hata hajui tena ni wapi pa kupaita kwake, nawe waja kumhubiria matembezi? Swali hili ni zito, na jibu langu halina dharau kwa mama huyo. Alhambra yenyewe, ambayo leo hupokea wageni zaidi ya milioni mbili kwa mwaka, ilikuwa gofu. Mwaka 1812 askari wa Napoleon walipokuwa wakiondoka Granada waliripua baadhi ya minara yake kwa baruti. Mwandishi Mmarekani Washington Irving alipopanga humo mwaka 1829 alikuta kuta zinabomoka na maskini wamejistiri katika vyumba vya wafalme. Alikiandika kitabu chake, kikatoka mwaka 1832. Serikali ya Uhispania ikaitangaza Alhambra kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1870. UNESCO ikaitia katika urithi wa dunia mwaka 1984. Kalamu ilitangulia, ukarabati ukafuata nyuma, na wageni wakawa wa mwisho kufika. Lau watu wangalingoja mahali patengenezwe kwanza ndipo paandikwe, pasingalikuwapo cha kutengenezwa.

Basi natuianze ratiba yenyewe, angalau kwa muhtasari. Siku ya kwanza mgeni atoke Goma alfajiri, avuke uwanda wa mawe meusi yaliyotapikwa na Nyiragongo na Nyamulagira, na afike Sake, mwendo wa kilomita 25 hivi, saa ambayo chukudu zateremka kutoka milimani. Asimame hapo azitazame. Ni chombo cha mbao tupu chenye magurudumu mawili, hakina injini wala pedali. Kijana amepiga goti moja juu ya ubao, mguu wa pili unaning'inia tayari kusukuma ardhi, na mbele yake pamefungwa magunia ya makaa au viazi yaliyopanda hata kukaribia kumfunika macho, naye ashuka mteremko kwa kasi ambayo dereva wa motokaa angeiogopa. Kutoka hapo njia yapanda kuelekea Mushaki, na baridi yaanza. Hapo ndipo Masisi ya malisho, ya milima iliyokatwa nyasi kama zulia, ya ng'ombe, na ya ile jibini ambayo mapadri Wabelgiji waliwafundisha watu kuitengeneza: maziwa hugandishwa, hukamuliwa maji yake katika vyano vya duara, hulazwa katika maji ya chumvi, kisha hupangwa juu ya mbao na kugeuzwa siku baada ya siku hata ngozi yake iwe ya njano na ngumu. Kila mtu wa Goma ameila. Ni wachache walioiona ikizaliwa.

Lakini ratiba ya kweli haimpitishi mgeni katika malisho hayo bila kumweleza yalivyopatikana. Tangu mwaka 1937 serikali ya Wabelgiji ilihamishia Masisi maelfu ya jamaa kutoka Rwanda, kwa mpango rasmi, katika ardhi ya Wahunde, ili mashamba ya walowezi yapate wafanyakazi; na ugomvi wa ardhi uliotokana na hayo umekunywa damu ya watu wa kila kabila. Mwongozaji na alitamke hili kwa sauti ya kadiri, bila bughudha na bila kuficha. Kadhalika siku ya pili huko Mokoto, katika nchi ya Bashali, ambako watawa Watrapisti walijenga monasteri yao mwaka 1954 kando ya maziwa manne ambayo, kwa uzuri wa mandhari, sijui mfano wake katika Kivu nzima: mgeni ayatazame maji, asikilize ukimya, halafu aambiwe kwamba mwezi Mei 1996 watu waliokimbilia humo kutafuta hifadhi waliuawa. Granada haiwafichi wageni wake habari za Wayahudi waliofukuzwa mwaka 1492. Sisi nasi tusipambe.

Siku ya tatu ni ya Walikale, na hapa naomba radhi kwa wepesi wa hesabu yangu, maana kutoka Masisi kupita Nyabiondo na kushuka msituni, mvua ikinyesha, siku moja huwa tatu. Walikale ni wilaya yenye zaidi ya kilomita za mraba 23,000, karibu mara tano ya Masisi, na sehemu yake imo katika hifadhi ya Kahuzi-Biega wanamoishi sokwe wakubwa wa bondeni. Hata hivyo, nikiambiwa nichague jambo moja tu la kumleta mtu Walikale, sitachagua sokwe. Nitachagua Mwindo. Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga, mzee Candi Rureke alisimulia kwa siku 12, akiimba na kucheza, habari za Mwindo, mtoto aliyezaliwa akitembea na kusema, ambaye baba yake, Shemwindo, alimfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni kwa kuwa hakutaka mtoto wa kiume; mtoto akaokoka, akamfuata baba yake hata kuzimu, akamrudisha, wakapatana. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliyaandika maneno hayo, na mwaka 1969 yalichapishwa California. Wanafunzi wa Marekani huyasoma vyuoni. Mtoto wa Walikale anayepita kila asubuhi chini ya miti ile ile ni nadra kuona hata jalada la kitabu hicho, na kwangu mimi hiyo ni dhuluma kubwa kuliko ubovu wa barabara. Mwishoni mwa kisa, Mwindo amwua joka Kirimu, na kwa kosa hilo anyakuliwa na Nkuba, bwana wa radi, hata mbinguni, aadhibiwe na aapishwe kutomwua tena mnyama wa msituni. Mlinzi wa hifadhi akitafuta hoja ya kuwaambia wanakijiji, ataipata wapi iliyo bora kuliko hiyo ya wazee wao wenyewe?

Badala yake, Walikale imejulikana kwa jambo jingine. Huko Kilambo ndege zilikuwa zikitua juu ya lami ya barabara kuu, motokaa na waendao kwa miguu wakisimamishwa kando, ili zipakie kasiteriti, madini ya bati, ya machimbo ya Bisie iliyobebwa migongoni mwa watu, magunia ya kilo 50, kwa mwendo wa siku nzima na zaidi katika matope ya msitu. Aghalabu kila njia iliyofunguliwa katika nchi hii imefunguliwa kwa ajili ya kitu cha kutolewa. Mtazamaji ni msafiri wa namna nyingine: alichokijia hukiacha mahali pake, na fedha yake huiacha pia, kwa mpishi, kwa mwenye pikipiki, kwa mzee msimulizi. Ndiyo maana nataka ratiba ya mtazamaji itangulie kuandikwa kabla amani haijarudi, kwa sababu amani ikirudi wenye malori hawatachelewa, nao mipango yao iko tayari tangu zamani.

Nani aandike? Walimu wa sekondari, makatekista, mwami wa kila himaya, Bahunde na Bashali, na wazee wa sekta za Osso-Banyungu, Wanianga na Bakano. Na madereva wa pikipiki, wanaojua daraja lipi limeoza na kijiji kipi kina mahali pa kulala. Waandike majina ya milima kama wenyeji wayaitavyo, makaburi yasiyopigwa picha, na malipo ya haki kwa kila huduma. Na wasafiri wa kwanza wasiwe Wazungu, wawe wanafunzi: wa Masisi wakalale Walikale wamsikie Mwindo kwa Kinyanga na kwa Kiswahili, wa Walikale wapande Mokoto. Fedha haihitaji kuombwa ng'ambo. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 yaipa sekta au himaya yenye machimbo asilimia 15 ya mrabaha. Hata sehemu ndogo ya fungu hilo, ikitengwa kila mwaka mbele ya wananchi na hesabu yake ikabandikwa ukutani, yatosha kuchapisha kitabu cha ratiba, kumrudisha Mwindo madarasani, na kulipia nauli ya wanafunzi siku ile njia itakapopitika.