Kangomba ya Washambuliaji

Nimechoka kusikia kwamba Mtwara hatuna washambuliaji. Kauli hiyo nimeisikia jukwaani Nangwanda Sijaona, nimeisikia katika vikao vya michezo vyuoni, na majuzi nimeisikia tena pale Mtawanya, kutoka kwa mtu mwenye shahada mbili, amekunja mikono kando ya uwanja, timu yake ikiwa imemaliza mchezo wa nne mfululizo bila bao. "Vijana wa siku hizi hawajui kufunga," alisema. Nyuma ya lango watoto walikuwa wakicheza chandimu kati ya mawe mawili, nao walikuwa wakifunga kila baada ya dakika moja. Hakuwaona.

Miguu tunayo. Tunachokosa ni karatasi, na nitaeleza nina maana gani.

Mkoa huu unajua kuliko mikoa mingi nini humpata mtu anayetoa mali yake bila stakabadhi. Kabla ya msimu wa 2007/08 mkulima wa korosho wa Newala au Tandahimba aliyebanwa na njaa ya masika aliweza kuuza korosho ambazo bado ni maua mtini. Mnunuzi alikuja na fedha taslimu na kipimo chake mwenyewe. Hiyo ndiyo kangomba, na jina la kipimo likawa jina la biashara yenyewe na la mtu anayeifanya. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005 ilileta utaratibu mwingine: magunia yanapelekwa chama cha msingi, yanapimwa, mkulima anapewa karatasi yenye jina lake na uzito wa mzigo wake, ndipo mzigo unakwenda ghalani na mnadani. Utaratibu huo una makovu yake, na wakulima waliosubiri malipo hadi watoto wao wakarudishwa shule wanayajua makovu hayo kuliko mimi. Kangomba nayo haikufa. Mwaka 2018, Serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, uhakiki wa wakulima uligeuka kuwa msako wa kangomba. Hata hivyo leo hakuna mzee wa Kitangari atakayekubali gunia lake liondoke kwenye mizani bila kuandikiwa.

Mzee huyohuyo ana mjukuu wa miaka 19 anayefunga mabao matatu kila Jumamosi. Desemba, dirisha dogo la usajili linapofunguliwa, anakuja mtu mwenye simu mbili. Anampa kijana njumu na nauli ya basi mpaka Dar es Salaam au Mbeya au Shinyanga, na mjukuu anaondoka alfajiri. Hakuna aliyepima, aliyeandika wala aliyetia saini. Mwezi wa tatu tunakaa kwenye mabenchi kuulizana kwa nini safu yetu ya ushambuliaji haina makali.

Tuitazame Ndanda. Wana Kuchele walipanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15 pamoja na Stand United na Polisi Morogoro, na mchezo wao wa kwanza waliifunga Stand mabao 4-1, ugenini, Shinyanga. Nakumbuka mji ulivyolala usiku ule, maana haukulala. Misimu 6 tukawa na Ligi Kuu nyumbani. Kisha 2019/20 wakashuka, pamoja na Singida United, Lipuli na Alliance, na tangu hapo Mtwara haijapata timu nyingine ya Ligi Kuu. Ukiwauliza mashabiki sababu, watakutajia waamuzi, makocha, fedha, na wengine uchawi. Mimi niliyekaa jukwaani misimu hiyo nakumbuka jambo la kuchosha zaidi: kila msimu nilikuwa najifunza upya majina ya watu wa mbele. Mabeki unaweza kuwakusanya na kuwafundisha kujipanga kwa miezi miwili. Washambuliaji wanaojuana, mmoja akijua mwenzake atakimbilia wapi kabla hajakimbia, huhitaji misimu. Klabu isiyoweza kumzuia mtu wake wa mbele walau misimu miwili itabaki kutegemea mipira mirefu na dua.

Lipo jambo jingine la zama hizo linaloniuma mpaka leo. Mei 2016, mchezo ambao Ndanda ilikuwa mwenyeji wa Yanga uliondolewa Nangwanda na kupelekwa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, ambako Yanga ilikabidhiwa kombe lake la ubingwa. Matokeo yakawa 2-2. Vijana wetu walicheza kwa heshima katika sherehe ya watu wengine, wakiitwa wenyeji kilomita zaidi ya 500 kutoka nyumbani. Watu wa Mtwara tulifanya nini? Tuliangalia kwenye televisheni.

Najua kuna atakayesema ni hadithi ileile ya gesi, kwamba kila kizuri cha Kusini huwekewa bomba la kwenda Dar es Salaam. Mfano huo unapendeza kinywani na umewapatia watu makofi mengi mikutanoni, lakini haunisaidii. Gesi ya Mnazi Bay ina mikataba, ina mita za kupimia kila kinachopita, na halmashauri inajua dai lake la ushuru wa huduma ni lipi na inalipeleka kwa nani. Kijana wetu hana hata hicho. Laiti angepimwa kama gesi!

Wala hili si la Mtwara peke yake. Geita Gold walikuwa na George Mpole, aliyeibuka mfungaji bora wa Ligi Kuu msimu wa 2021/22 kwa mabao 17, mbele ya watu wote wa Kariakoo na fedha zao. Msimu uliofuata akaenda Lupopo, Kongo. Mwaka 2024 Geita wakashuka daraja. Jirani zetu Namungo wa Ruangwa, ambao tunawaonea wivu wa kidugu, mwaka 2021 waliifunga Primeiro de Agosto ya Angola mabao 6-2 na kuingia hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Huko wakapoteza michezo yote 6 bila kufunga hata bao moja. Wakati uleule taifa hili lina fedha za mabao: tangu 2023 Rais amekuwa akitoa shilingi milioni 5, na baadaye zaidi ya hapo, kwa kila bao la klabu zetu kwenye mashindano ya Afrika. Sina ugomvi na zawadi hiyo. Nauliza tu nani anamlipa aliyemlea mfungaji, kwa sababu bao la usiku mmoja uwanja wa Mkapa limeanza miaka 10 nyuma, kwenye kiwanja chenye mchanga, kwa mwalimu wa shule ya msingi aliyenunua mpira kwa mshahara wake.

Jibu la kanuni lipo, na ndiyo maana hasira yangu si ya kubahatisha. Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji zinasema mchezaji akiuzwa kimataifa akiwa bado na mkataba, asilimia 5 ya fedha hizo inagawanywa kwa klabu zilizomlea kuanzia miaka 12 hadi 23: asilimia 0.25 kwa kila mwaka kuanzia 12 hadi 15, na 0.5 kwa kila mwaka kuanzia 16 na kuendelea. Piga hesabu. Kijana aliyelelewa na klabu moja ya Mtwara tangu miaka 12 hadi 20, akiuzwa kokote duniani kwa dola milioni 1, anairudishia klabu hiyo dola 35,000. Tangu Novemba 2022 FIFA ina chombo maalumu, chenye makao Paris, cha kukusanya na kugawa fedha hizo, nacho kinafuata kumbukumbu za usajili zilizomo katika pasipoti ya mchezaji. Asiyeandikwa humo hapati kitu, hata kama mtaa mzima unajua ni nani aliyemfundisha kijana kupiga kichwa. Kanuni hizohizo zinayataka mashirikisho ya nchi yaweke pia utaratibu wao wa ndani wa kuzituza klabu zinazolea. Swali kwa TFF na kwa chama chetu cha mkoa: kijana anapotoka Chikongola kwenda Kariakoo, nani hapa nyumbani anapokea nini, na risiti iko wapi? Ligi iliyouza haki za matangazo mwaka 2021 kwa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10 haiwezi kutuambia haina fedha za daftari.

Wenzangu wa kitivo huniambia nataka kuwafunga vijana minyororo. Hapana. Mchezaji ni mfanyakazi, na mfanyakazi ana haki ya kuondoka; mahakama ya Ulaya ililimaliza hilo mwaka 1995 katika shauri la Bosman, na siombi lirudiwe. Mmoja wao aliyesoma Marekani alinieleza juu ya mpira wao wa vyuo, ule wa kofia ngumu, ambamo watu 5 wakubwa husimama mstari wa mbele kumkinga mrushaji ili shambulio lipate kuanza. Anasema watu hao 5 wakibadilishwa kila mwaka mrushaji hulala chini mchana kutwa, na siku hizi wanabadilishwa kweli, kwa kuwa mwanafunzi anaweza kuhama chuo na kucheza mara moja bila kukaa nje msimu mzima. Makocha wanalalamika kama sisi. Lakini tangu 2018 kila anayetaka kuhama anaingizwa jina katika rejista moja inayoonwa na vyuo vyote, na ni chuo chake kinachoandika. Uhuru wao umetangulizwa na kalamu. Wa kwetu umetangulizwa na nauli.

Sasa nifike mahali ambapo ningependa nisifike.

Niliwahi kuwa mlezi wa timu ya mpira ya chuo kimoja. Tulikuwa na mshambuliaji, mwanafunzi wa stashahada, kijana kutoka vijiji vya mdomo wa Ruvuma, mwembamba, mwenye tabia ya kuomba radhi kwa golikipa baada ya kumfunga. Mwaka ule yalikuja mashindano, na wakubwa wakaamua kwamba aibu ya kutofunga imetosha. Wakaletwa mamluki watatu kutoka timu za ndondo, watu wazima, mmoja wao baba wa watoto wawili. Ili waonekane wanafunzi walipewa majina ya wanafunzi. Mshambuliaji wetu aliombwa akae nje "kwa maslahi ya chuo", na jina lake likabandikwa picha ya mtu mwingine. Orodha iliwekwa mezani kwangu. Niliisoma, nikaelewa, nikatia saini. Tulifika nusu fainali na nikapigiwa makofi ukumbini.

Desemba ile akaja mtu mwenye simu mbili. Kijana hakuaga, na sioni kwa nini angeniaga. Aliacha masomo mwaka wa pili, akaenda kuchezea timu ya mkoa mwingine kwa makubaliano yaliyoandikwa kwenye karatasi iliyochanwa daftarini, nakala moja, ikabaki kwa tajiri. Alikaa miezi minne bila mshahara. Kanuni zinasema mchezaji asipolipwa mishahara miwili anaweza kuitaka klabu kwa maandishi ilipe ndani ya siku 15, isipolipa anavunja mkataba kwa haki. Lakini mkataba wake ulikuwa ule wa daftari, na hakuwa nao.

Mwaka huu amepata klabu nyingine, yenye mpangilio. Wanataka historia yake ya uchezaji: wapi, lini, na nani anathibitisha. Alinipigia simu. Aliniita mwalimu, akaniamkia, akaniulizia watoto kwa majina. Kisha akaniomba barua, na nakala ya orodha ya mashindano yale, kwa sababu ndiyo karatasi rasmi pekee anayojua ina jina lake. Nilimwambia nitaitafuta. Sikuwa na haja ya kuitafuta. Naijua ilipo, na naijua picha iliyo juu ya jina lake.

Kwa hiyo ninaposema kangomba, simsemi yule wa simu mbili peke yake. Yule hununua tu kilichoachwa nje bila kuandikwa. Wanaoacha nje ni sisi: walimu tunaobandika picha, viongozi wa timu za mitaa wanaosajili wachezaji siku ya mchezo kwa kalamu ya kuazima, maofisa michezo wanaopokea orodha hizo na kuzifungia kabatini. Fomu ya usajili haina gharama ya kuishinda timu yoyote ya Mtawanya wala Magomeni. Cheti cha kuzaliwa, picha mbili, tarehe ya kujiunga, saini ya mzazi, nakala tatu: moja ya mchezaji, moja ya klabu, moja ya chama cha mpira cha wilaya. Vyuo na vitengeneze orodha ya kweli hata kama itatutoa raundi ya kwanza. Mkuu wa chuo anayetaka kombe kuliko orodha ya kweli asije tena kutuhutubia juu ya udanganyifu kwenye mitihani.

Barua ya kijana nimeiandika jana usiku. Ina kurasa mbili. Nimeeleza alicheza misimu gani na alifunga vipi, kwa kadiri ninavyokumbuka, na katika aya ya nne nimeeleza kwa nini picha katika orodha ya mashindano si yake, nani aliyejua, na saini iliyo chini ni ya nani. Nakala moja nimempelekea yeye, nyingine ipo kwenye bahasha, imeandikwa anwani ya ofisi ninayoifanyia kazi. Naipeleka Jumatatu asubuhi.