Maharage na Mboga za Majani: Kipi Bora?

Katika vijiji vya Kilosa na pembezoni mwa mji wa Mikumi limezoeleka swali ambalo hugeuka ubishi pindi sufuria inapofunuliwa: maharage na mchicha, kipi bora? Wanafunzi wetu hula maharage kwa furaha, na siku ya matembele hunung'unika kuwa hicho ni chakula cha dhiki. Mzazi naye, apatapo fedha kidogo, huyaacha majani yaliyoota ubavuni mwa nyumba yake akaenda dukani kununua maharage, akidhani amepanda daraja. Tumeona ni wajibu kulichambua jambo hili kwa insafu.

Tuanze na maharage. Gramu 100 za maharage yaliyopikwa zina protini gramu 8 hadi 9, ilhali mchicha uliopikwa wa uzito huohuo una takriban gramu 2 tu. Maharage yana pia madini ya chuma, na folati ambayo mjamzito anaihitaji mno. Aidha, huukamilisha ugali, kwani protini ya mahindi ina upungufu wa lisini na maharage yanayo kwa wingi. Hapa hoja ya wapenzi wa maharage ni sahihi, wala hatuipingi.

Lakini maharage makavu hayana vitamini A wala C ya kutajika. Hizo zimo katika mchicha, matembele na majani ya kunde. Vitamini A hulinda macho na kinga ya mtoto. Ama vitamini C, ina kazi ambayo wengi hawaijui: madini ya chuma yaliyomo katika maharage hufyonzwa na mwili kwa taabu, na vitamini C ikiwamo katika mlo huohuo huifanya kazi hiyo kuwa nyepesi. Basi mwenye kula maharage peke yake hupoteza sehemu ya faida ya maharage yenyewe.

Kwa hiyo kosa limo katika swali. Viwili hivi si washindani bali ni wenza. Tazameni mkunde: shina moja hutoa majani na punje pia. Maharage hupenda ubaridi wa milimani. Kunde na mbaazi hustahimili joto la bondeni. Mkazi wa bondeni hana udhuru wa kungoja gunia la kutoka mlimani.

Iko pia kasoro ya jikoni. Mchicha huchemshwa mno, kisha maji yakamwagwa pamoja na vitamini C. Upikwe kwa muda mfupi, kwa mafuta kidogo au karanga, maana vitamini A huhitaji mafuta ili ifyonzwe. Kisamvu kina hukumu yake: kitwangwe na kichemshwe sana ili sumu iondoke. Maharage yalowekwe usiku kucha. Na chai isinywewe pamoja na chakula, kwani huzuia madini ya chuma.

Hili si jambo dogo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Watoto ni amana mikononi mwetu. Tunawanasihi wazazi: siku ya maharage, chumeni na mchicha, na siku ya mchicha, msione haya.